Mbolea ya Mti wa Taifa

Palikuwa na nchi, na kama bado ipo mtaniambia nyinyi, iitwayo Ustawini. Msiitafute kwenye ramani. Waliochora ramani walipita hapo siku ya mapumziko ya kitaifa, wakakuta ofisi zimefungwa, wakaendelea na safari yao.

Nchi hiyo ilikuwa na kila kitu ambacho nchi huwa nacho: bendera, mizinga, wimbo wa taifa ambao beti za mwisho hakuna aliyezijua, na rais. Rais aliitwa Mtukufu Mstawishaji. Jina alilopewa na mama yake lilikuwepo, ila lilihifadhiwa katika jumba la makumbusho, na wananchi hawakuruhusiwa kuligusa.

Mtukufu alipoingia madarakani alikuta mti wa chunguni umesimama ukumbini Ikulu, mti mzuri wa kivulini, majani mapana kama masinia ya pilau. Uliachwa na rais aliyemtangulia, ambaye aliondoka kwa haraka kupitia mlango wa jikoni na hakuweza kubeba kila kitu. Mtukufu akaupenda. Siku hiyo hiyo akahutubia taifa.

"Mti huu ni mimi," akasema, "na mimi ni nchi. Ukistawi mti, mmestawi nyinyi."

Watu wakashangilia, maana hilo lilikuwa limewapunguzia usumbufu. Tangu siku hiyo hapakuwa na haja ya kumuuliza jirani kama amekula. Mtu alifungua redio asubuhi, akasikia, "Mti wa Taifa umeamka salama, na majani yake ni ya kijani," akajua kwamba ameshiba, ila habari hazijalifikia tumbo.

Sasa mti ukishakuwa nchi, nani atakubali aonekane hauhudumii? Ndipo ikazaliwa desturi ya Jumatatu ya Kurutubisha. Kila Jumatatu mawaziri walipanga foleni ukumbini, kila mmoja na mbolea yake, wakaimwaga chunguni mbele ya kamera za televisheni. Aliyemwaga kiganja, aliipenda nchi kiganja. Aliyemwaga ndoo, aliipenda ndoo. Na waziri mmoja aliyesahau mbolea yake nyumbani aliambiwa arudi kuifuata, akaifuata, na mpaka leo bado anaifuata.

Chungu chenyewe si kikubwa hivyo. Mama mwenye mwili wa wastani angeweza kukikumbatia na kushikanisha vidole upande wa pili.

* * *

Mwalimu Mwinjuma Kidago alikuwa akifundisha kwaya katika chuo cha polisi. Mbolea hakuijua, mti hakuujua, na ndiyo sababu akateuliwa kuwa Mtunza Mti wa Taifa. Aliyemtangulia, Bwana Ndiga, alisomea mimea ng'ambo, na masomo yakamponza. Siku jani moja lilipodondoka, alisema mbele za watu kwamba majani hudondoka. Sasa alikuwa anapumzika kwa gharama ya serikali, mahali ambapo wageni hawaingii na wenyeji hawatoki.

"Hatutaki mtu anayejua," Mtukufu alimwambia Mwinjuma siku ya kuapishwa. "Anayejua ana maswali. Wewe unajua nini?"

"Kuimba, Mtukufu."

"Basi uimbie. Uumwagie maji, uupanguse vumbi, uuimbie. Lakini Mwalimu, jani likidondoka..." Hakumalizia. Aligeuza macho taratibu akatazama kiti cha Bwana Ndiga, ambacho koti la mwenyewe bado lilikuwa limetundikwa mgongoni pake, kalamu mfukoni, kana kwamba ametoka mara moja kwenda kujisaidia.

Mwinjuma akarudi nyumbani. Mkewe, Bi Chausiku, alikuwa uani anang'oa magugu katikati ya mabamia.

"Wamekuitia nini?"

"Nimekuwa Mtunza Mti wa Taifa."

Chausiku akanyanyuka, mkono kiunoni. "Wewe? Wewe uliyeniulia mshubiri wangu, mmea ambao hata ukiutupa juu ya bati unaota?"

"Hawakuniuliza habari za mshubiri, Mama Zuhra."

"Wangeniuliza mimi ningewaambia. Ningekuokoa."

"Sasa nifanyeje?"

"Ufanyeje nini? Nenda. Ukikataa ni leo, ukikubali ni kesho. Angalau kesho tutakuwa tumeshakula bamia."

* * *

Jumatatu yake ya kwanza Mwinjuma alisimama kando ya chungu amevaa kanzu iliyonyooshwa, akiimba kwa sauti ya chini. Mawaziri wakaingia.

Wa kwanza alikuwa Jenerali Mabruki, Waziri wa Ulinzi. Alileta yurea katika sanduku la mizinga, limebebwa na askari, na akaimwaga kwa koleo. "Mbolea hii," alisema kwenye kamera, "ina nguvu ya kukuza. Kama kuna adui amejificha kwenye mizizi, ajisalimishe."

Akafuata Daktari Perpetua Nkundwe, Waziri wa Elimu, na mbolea ya chenga za rangi tatu katika bakuli la kioo. Kabla ya kumwaga alitoa mhadhara. Alieleza kwamba chenga nyeupe ni ya majani, ya kijivu ni ya mizizi, na nyekundu ni ya maua. Mti huo haukuwa umewahi kutoa ua tangu uzaliwe, lakini Daktari alisema hilo ni suala la mtazamo, na akamwaga nyekundu nyingi zaidi ili kuutia moyo.

Wa tatu alikuwa Waziri wa Fedha, Bwana Rajabu Mkwiji, mtu mnene mwenye sauti nyororo. Yeye alileta mavi ya popo kutoka ughaibuni. Popo wa nyumbani wapo, na kazi hiyo wanaifanya bila kulazimishwa, lakini Bwana Mkwiji alisema popo wa kigeni wanakula vizuri zaidi.

Nyuma yao kulikuwa na mawaziri wengine wote, na nyuma ya mawaziri makatibu, na nyuma ya makatibu wake za mawaziri na vijaluba vya majivu na maganda ya mayai. Mpaka foleni inaisha, mbolea ilikuwa imefanya kilima chunguni, na shina la mti linachungulia juu yake kama mtu aliyefukiwa mchangani na wenzake kwa utani.

Mtukufu akapiga makofi. "Mwalimu! Unaonaje nchi yangu inavyopendwa?"

"Inapendwa, Mtukufu," Mwinjuma akajibu. "Inapendwa mpaka shingoni."

* * *

Jumatatu zikapita. Mti ukaanza kubadilika.

Kwanza zikaungua ncha za majani, kama karatasi iliyosogezwa karibu na mshumaa. Kisha pembezoni kote. Redio ya Taifa haikubabaika. "Mti wa Taifa umeamka salama," ikatangaza, "na majani yake yameanza kuvaa dhahabu." Juma lile lile wake za wakubwa wakaonekana na vitenge vyenye pindo la kahawia, na fundi aliyechelewa kuvishona akaitwa kituoni kujieleza.

Kisha udongo ukafanya ganda jeupe. Mwinjuma akalibandua kipande, akakifunga kwenye leso, akaenda nacho kwa mkewe.

Chausiku alikigeuza kwenye kiganja, akakinusa, akakivunja kwa kucha. "Baba Zuhra, huu ni udongo au ni chumvi ya kukaushia papa?"

"Ndiyo mbolea yenyewe."

"Yote hii? Chungu kimoja?"

"Kila Jumatatu."

Chausiku alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka akashika mbavu, akafuta machozi kwa upindo wa kanga, kisha akaona uso wa mumewe akaacha. "Pole, mume wangu. Lakini jamani! Mti wa ndani, uliofungiwa chunguni, haupati jua la maana, utaila vipi yote hiyo? Kijiko kimoja, tena kwenye maji mengi, tena mara mojamoja. Huo mnauchemsha mizizi. Waambie waache, uumwagie maji matupu, mengi, yapite mpaka yatokee matundu ya chini, yaondoke na hiyo chumvi. Halafu muuache upumzike."

"Kupumzika?" Mwinjuma akashtuka kwa neno lenyewe. "Nani amwambie nani aache? Mimi nimwambie Jenerali apende nchi kidogo?"

Chausiku akamrudishia leso yake. Akarudi kwenye bamia zake.

Msidhani mawaziri hawakujua. Walijua. Siku moja Mwinjuma alijikaza akamfuata Bwana Mkwiji kwenye ujia, akamnong'oneza, "Mheshimiwa, samahani, huko nyumbani kwako una maua ya chungu?"

"Ninayo, Mwalimu, barazani."

"Unayatilia mbolea kiasi gani?"

Bwana Mkwiji akatazama kushoto, akatazama kulia. "Nikionekana na kijiko cha pili, mke wangu ananichapa mkono. Anasema nitayaua."

"Sasa huu mti wetu..."

"Mwalimu," akasema kwa upole, kama anayemweleza mtoto kwamba babu hatarudi, "yale ya kwangu ni maua. Huu ni msimamo. Mimi nikipunguza kopo langu, Mabruki atasema nimepunguza. Mabruki akipunguza koleo lake, nitasema mimi. Unataka tufanyeje? Tupunguze wote kwa pamoja? Hiyo ni njama ya kuipindua serikali, nayo adhabu yake unaijua."

* * *

Hata hivyo ilipofika rangi ya dhahabu imeingia hadi katikati ya jani, Mtukufu mwenyewe akauliza. Haraka ikaundwa Kamati ya Kitaifa ya Kuchagua Mbolea Inayofaa, na Mwinjuma akawekwa humo kama msikilizaji.

Kikao kilikuwa kikali. Jenerali Mabruki alisema tatizo ni kwamba mbolea za wenzake ni dhaifu, akapendekeza koleo la pili. Daktari Nkundwe alisema tatizo si mbolea, ni mti, ambao elimu yake ni ndogo, akapendekeza usomewe maelekezo yaliyoandikwa kwenye gunia. Mtu mmoja wa wizara ya mifugo aliyetaja samadi ya ng'ombe alikemewa kwamba ng'ombe ni wa wananchi wa kawaida, na kitu kilichotoka kwa mwananchi wa kawaida, tena kikatokea upande ule, hakiwezi kuingizwa Ikulu.

"Je," akathubutu Mwinjuma, na sauti ikamkatika kama ya wanafunzi wake wa sauti ya kwanza, "na kama tusingetia chochote? Kwa muda?"

Kalamu zikasimama.

"Rudia," akasema Jenerali.

"Nimesema, na kama tungetia chochote. Kwa muda wowote."

Wakapumua. Pendekezo lake likapokewa kwa shangwe, na chungu kikaongezewa Alhamisi ya Kurutubisha.

Alhamisi hiyo ya kwanza jani likadondoka. Lilidondoka polepole, kwa heshima, wakati Mtukufu amefumba macho anapiga chafya. Mwinjuma akaliwahi kabla halijagusa sakafu, akalikunja, akalisokomeza ndani ya kofia yake, akaivaa tena.

Mtukufu akafumbua macho. "Mwalimu, mbona kofia imekaa juu juu?"

"Ni furaha, Mtukufu. Nywele zimesimama."

Mtukufu akacheka. Kisha akapiga meza kuonyesha kwamba ameacha kucheka. "Furaha iongezeke. Sikukuu ya Ustawi inakuja, mwezi ujao. Mwaka huu mti hautakaa ndani. Utapelekwa uwanjani, juu ya gari la wazi, nchi nzima iuone kwa macho. Nataka uwe wa kijani, Mwalimu. Kijani kile cha zamani. Ukifika uwanjani na dhahabu yao hiyo..." Akatazama kiti cha Bwana Ndiga. Koti lilikuwa limeondolewa. Kiti kilikuwa kimepanguswa vizuri na kusogezwa, kama kinachomngoja mgeni.

* * *

Jioni hiyo Mwinjuma hakula. Alikaa uani kwenye kigoda, kofia magotini, jani ndani ya kofia.

"Wewe unaliweka la nini?" Chausiku akauliza. "Unataka kulizika?"

"Mwezi ujao watanizika nalo."

Chausiku akakaa kando yake. Hakucheka safari hii. Wakasikiliza lori likijikwamua mashimoni kwenye barabara ya mbele ya nyumba, likirudi nyuma, likikosa, likijaribu tena.

"Barabara hii nayo," akasema Chausiku, ili aseme chochote tu. "Unakumbuka tulivyokuwa tukiijenga wenyewe? Kila nyumba ndoo ya kokoto Jumamosi. Barabara ilijaa kokoto mpaka tukawa tunajikwaa, watoto wanang'oka kucha."

"Nakumbuka."

"Halafu wakaja, wakasema msihangaike, serikali imetenga fungu la kokoto. Likatengwa. Tangu siku hiyo umeona kokoto hapa? Hata ile iliyokuwepo ilikwenda."

Mwinjuma akageuka polepole. Akamtazama mkewe kama alivyomtazama siku ya harusi yao, tena zaidi kidogo. "Rudia hapo."

"Hapo wapi? Pa kucha?"

"Pa fungu."

"Nimesema likatengwa fungu, kokoto zikakoma... Baba Zuhra, unakwenda wapi? Na chakula?"

Alishakuwa ndani, anatafuta kanzu safi.

* * *

Asubuhi Mwinjuma alisimama mbele ya Baraza la Mawaziri. Aliongea kama anayeongoza kwaya.

"Waheshimiwa, naona aibu. Ninyi mnaulisha Mti wa Taifa kutoka mifukoni mwenu. Jenerali anatoa yurea ya shamba lake. Daktari ananunua chenga kwa mshahara wake. Bwana Mkwiji analeta popo kwa nauli yake. Nchi gani hii inayowaacha viongozi wake wajigharimie uzalendo? Naomba kiundwe Chombo cha Taifa cha Kurutubisha Mti. Serikali itoe fedha, tena nyingi. Waheshimiwa msimamie ununuzi, usafirishaji, uhifadhi na umwagaji. Na ili mbolea iwe bora, ipitie kila wizara ikaguliwe."

Bwana Mkwiji alikuwa wa kwanza kusimama. Alimkumbatia Mwinjuma mpaka miguu ikaacha sakafu. "Mwalimu," akasema, machozi yanamlengalenga, "ulikuwa wapi siku zote?"

Mtukufu akaidhinisha kabla ya chai.

Jumatatu iliyofuata mbolea ilifika, lakini magunia yalikuwa yamelegea kidogo, kama suruali ya mtu aliyetoka kuumwa. Alhamisi yakalegea zaidi. Jumatatu ya pili gunia la Jenerali lilikuwa na vumbi la mbao lililopakwa rangi. Bakuli la Daktari lilikuwa na mchanga wa mtoni, ambao yeye mwenyewe aliueleza vizuri sana, kila chenga na kazi yake. Bwana Mkwiji alileta kopo lenye muhuri wa ughaibuni, akaligeuza juu ya chungu, akalitikisa. Hakikutoka kitu.

"Popo wa safari hii," akaiambia kamera, "ni wepesi."

Ikawa kila juma gunia linapita wizara hii, likitoka limepungua. Linapita ile, likitoka limepungua. Na likifika Ikulu, askari mmoja anaweza kulibeba kwa kidole huku anavuta sigara. Mwishowe yakawa yanaletwa magunia yaliyojazwa magunia. Sherehe hazikupungua hata chembe. Mizinga ilipigwa, hotuba zikatolewa, mawaziri wakainama juu ya chungu kwa huzuni ya mapenzi, wakakung'uta hewa.

Na kila walipoondoka, Mwinjuma alikokota chungu hadi kwenye karo la jikoni, akakimwagia maji matupu, mengi, polepole, mpaka yakatoka matundu ya chini yakiwa meupe kama tui. Siku nyingine tena, yakatoka kama maji ya mchele. Na siku nyingine, yakatoka maji tu.

Akauimbia pia, maana alikuwa ameagizwa.

Halafu asubuhi moja, pale kileleni, pakachomoza kitu kimejikunja kama mkeka mdogo. Mwinjuma hakukigusa. Alirudi nyuma, akakaa kwenye kile kiti kilichopanguswa, akasahau kabisa ni cha nani, akalia.

* * *

Siku ya Sikukuu ya Ustawi uwanja ulifurika. Watu waliletwa kwa malori kutoka vijijini, wakulima kwa wingi, maana ulikuwa wakati ambao mahindi yamefika magotini na yanangoja mbolea ya kukuzia, na walikuwa wameambiwa kuna tangazo.

Gari la wazi likaingia. Mti ulikuwa kijani kibichi, majani yanameta, jani jipya limefunguka kama kitabu. Hata wasioupenda walisema lo. Mwinjuma alikaa pembeni yake ameshikilia chungu kwa mikono miwili. Aliinua macho akatafuta upande wa wanawake, akamwona Chausiku amesimama juu ya kitu, anampungia kanga. Alikuwa mzima. Walikuwa wazima. Kwa mara ya kwanza tangu aapishwe alihisi njaa ya kawaida.

Mtukufu akashika kipaza sauti.

"Wananchi! Mlinong'ona. Mlisema mti unakufa. Tazameni! Na mnajua dawa ilikuwa nini? Chombo! Chombo cha Taifa cha Kurutubisha! Kwa muda mfupi kimefanya kilichoshindikana kwa miaka. Sasa nasema hivi: kwa nini kistawi chungu kimoja? Kuanzia leo mbolea yote ya nchi hii, ya mahindi, ya mpunga, ya migomba, ya bustani za akina mama, haitapita tena kwa wakala wala duka. Itapita kwenye Chombo hiki. Chini ya waheshimiwa hawa hawa!"

Mawaziri wakapiga makofi mpaka vifungo vya makoti vikaruka. Wakulima nao wakapiga, lakini polepole, kama watu wanaouliza jambo kwa viganja.

Mwinjuma akaacha kuhisi njaa. Aliwatazama wale waliokuja na malori. Aliona kule mbele mzee mmoja amevua kofia, anahesabu kwa midomo mistari ya shamba lake. Angeweza kunyamaza. Mti ulikuwa hai, shingo yake ilikuwa mahali pake, mkewe alikuwa anapunga kanga. Katika uwanja mzima ni yeye tu aliyetakiwa kutosema neno, na hata hilo halikuwa gumu, maana hakuna aliyemuuliza.

"Mtukufu," akasema.

"Sema, Mwalimu! Usione haya."

"Mtukufu, mti haukupona kwa mbolea ya Chombo." Akameza mate. "Ulipona kwa sababu tangu kiundwe Chombo, haujapata mbolea kabisa. Ilikuwa haifiki. Ulikuwa umeshiba kupita kiasi, ukapata nafasi ya kupumua. Lakini mahindi ya hawa watu hayajashiba, Mtukufu. Yanangoja. Yakipewa kama ulivyopewa mti, hapatakuwa na cha kuvuna."

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Kunguru wakasikika uwanja mzima. Jenerali Mabruki akapeleka mkono kiunoni. Daktari Nkundwe akaanza kuchunguza kiatu chake. Bwana Mkwiji akafumba macho, midomo inamcheza, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikuwa anasali kweli.

Mtukufu akavua miwani. Akamtazama Mwinjuma. Akautazama mti, jani kwa jani. Akawaza, na wananchi wakangoja, kwa kuwa halikuwa jambo la kila siku.

"Haukupata kitu kabisa?" akauliza.

"Kabisa, Mtukufu."

"Na ndiyo ukawa hivi?"

"Ndiyo, lakini..."

"Wananchi!" Mtukufu akanguruma, uso umemng'aa. "Mmesikia sayansi? Mti huu ulipopewa, ulikauka. Uliponyimwa, ukanawiri! Miaka yote wakulima wangu wanalia wapewe mbolea, wanalia, na mimi kwa huruma yangu nikitaka kuwapa, kumbe nilikuwa nataka kuwaua! Basi nimekoma. Kuanzia leo hakuna mkulima wa Ustawini atakayedhuriwa na mbolea!"

Mizinga ikapigwa. Bendi ikaanza wimbo wa taifa, ikauacha palepale unapoachwa siku zote.

Katikati ya kelele hizo Bwana Mkwiji alimsogelea Mtukufu, kijasho kinamtoka. "Na Chombo, Mtukufu? Kama hakuna mbolea, basi kile Chombo nacho..."

"Chombo kinabaki, Mkwiji. Fedha zake mara mbili." Mtukufu alimshangaa kwa uchache wa akili. "Bila nyinyi, nani atahakikisha kwamba haifiki?"

* * *

Jioni Mwinjuma alirejeshwa nyumbani kwa gari lenye bendera. Chausiku alikuwa amemtangulia kwa miguu, na alikuwa uani amejifunga kanga kiunoni, beseni la mavi ya mbuzi kichwani, anakwenda nalo kwenye bamia.

"Sikusikia vizuri," akasema, "spika za upande wetu zilikuwa zinakoroma. Uliwaambia ukweli?"

"Niliwaambia."

"Wote?"

"Wote. Kwenye kipaza sauti."

"Yarabi! Wakakufanyaje?"

"Wamenipigia makofi." Akavua kofia, akaigeuzageuza. "Na wamenifanya waziri."

"Waziri wa nini?"

"Wa Chombo. Wa kuhakikisha mbolea haimfikii mtu, mkulima wala mwenye bustani. Naanza leo."

Chausiku alimtazama mumewe, akaitazama bendera iliyo kwenye gari, akamtazama dereva aliyekuwa anachungulia juu ya ua. Kisha akateremsha beseni kutoka kichwani, akalifunika kwa kanga, akazunguka nalo nyuma ya nyumba, upande ambao waziri hakuwa anaona.